Laini ya Wodi

Bibi yangu Grace alikufa. Damu ilikataa kusimama baada ya kuzaa, na gari ya kumpeleka hospitali haikuwa imefika Kajiado. Tulimzika wiki jana. Mtoto yuko sawa. Anaitwa Nashipai, jina Grace alichagua mwenyewe.

Leo ni Alhamisi, upepo na vumbi. Sikuenda kazi ya mjengo Kitengela. Nimeenda mkutano ya bajeti ya kaunti.

Zamani hizo mikutano zilikuwa mbali, Kizungu tupu. Unapewa soda unarudi nyumbani, hujui kama kitu ulisema iliandikwa. Saa hii wamekuja huku kwetu, karibu na Kisaju. Mama wa bajeti ameongea Kiswahili, mwingine akatafsiri Kimaa. Akasema pesa inatosha kitu moja: borehole ya maji, ama wodi ya kuzalia pale dispensari. Kila mtu asimame laini ya kile anataka, tuhesabiwe wote tukiona.

Nikasimama wodi.

Mbele yangu alikuwa Mutua, ule anauza maji na punda. Wamama wa laini ile ingine wakamuanza.

"Mutua, unataka wodi ama unaogopa borehole?"

"Hata punda yangu inazaa."

Watu wakacheka. Hata mimi. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Mama Sanaipei alikuwa laini ya maji. Yeye na Grace walikuwa wanaenda kuchota pamoja. Akakuja akanishika mkono. "Baba Nashipai, Grace alikuwa anataka maji. Unajua."

Najua. Kamba ya kubebea mtungi ilimwachia alama kwa paji ya uso. Jioni nilikuwa naipaka mafuta.

"Najua," nikamwambia. Lakini sikutoka.

Hakusukuma. Akaninyoosha kola ya shati, akarudi kwa laini yake.

Maji imeshinda. Imeshinda kidogo tu.

Mama wa bajeti alihesabu kwa sauti, akarudia, akaandika kwa ubao mbele yetu. Akasema mwaka ujao wodi ndio itasomwa kwanza kwa orodha. Sijui kama ni kweli. Nitaenda kuuliza, na nitauliza tena.

Nilidhani nitakasirika. Lakini wale wamenishinda nimewaona, mmoja mmoja. Ni wale wale tulichimba na wao kaburi ya Grace. Nikishindwa hivyo, naweza beba.

Jioni nimepitia kwa dada yake Grace, mahali mtoto anakaa. Nimembeba mpaka akalala. Nimemwambia maji inakuja karibu, hatawahi kuwa na ile alama ya mama yake. Na wodi, baba yake bado anaitafuta.

Kesho narudi mjengo.