Mama Bolumbu Hatoki Hapa

Mama,

Mama Bolumbu bado yuko hapa. Nakuambia hilo kabla hata ya salamu, maana nakujua, ungeuliza habari zake kabla ya kuniuliza mimi kama nimekula. Yuko hapa Lubunga, nyumbani kwako, katika chumba kile cha nyuma ulichompa alipofiwa na mume wake akaja kutoka Isangi na sufuria mbili na mkeka. Ndugu zako wanataka atoke. Mimi nimesema hatoki. Hiyo ndiyo vita yetu tangu tulipokuzika.

Kaka yako, Tonton Salumu, ndiye aliyeianza. Matanga hayajaisha, watu bado wanalala chini uani, yeye kasimama katikati na suti yake ya abacost ya ofisini: "Huyu mwanamuke wa mutoni iko mulozi! Mbuzi zilikufa, dada yangu amekufa. Munangojea nini?" Alipokwisha kumwita mchawi, akakata maneno palepale. Atakayekula chakula cha mkono wa Bolumbu si mtu wa jamaa yetu tena. Na siku ya kumaliza matanga, Bolumbu apande pirogi mtoni arudi kwa watu wake. Tangu hapo vijana wa barabara yetu wakawa wanarusha mawe juu ya bati la chumba chake. Mama, yule aliyekuosha miguu wakati ulikuwa huwezi hata kuikanyagisha chini! Nilishikwa na hasira mpaka machozi yakakauka.

Unamkumbuka yule dakitari kijana wa hospitali ya ng'ambo ya mto, aliyekushika vidole akavitazama sana, nawe ukamwuliza kama anataka kukuoa? Alikuwa anatazama kucha. Ile mistari myeupe iliyokatiza kila ukucha, wewe ukisema ni sabuni mbovu za siku hizi. Baada ya mazishi aliniita akanipa jina la kilichokuua: arseniki. Ni sumu, Mama. Haina harufu, haina ladha. Ukiila kidogo kidogo inaleta kutapika, kuhara, miguu kuwaka moto, nywele kutoka. Ulikuwa nayo yote. Akaniambia inatoka kwenye kitu tunachokula kila siku, niende nikakitafute.

Nikavuka mto na neno hilo nikiamini litamwokoa Mama Bolumbu. Wapi! Tonton alilidaka kama mtu aliyeokota panga njiani. "Sumu! Si nilisema? Na nani alikuwa anapika?" Usiku ule mawe yakaongezeka.

Basi nikakaa jikoni kwako nikaanza kutazama kitu kimoja kimoja. Unga, mafuta ya mawese, samaki wa moshi, maji. Mwishowe nikaifunua ile sufuria ndogo ya chumvi. Si chumvi ya duka. Ni chumvi ya majivu, ile Mama Bolumbu aliyokufundisha kwa desturi ya watu wa mtoni: unachoma majani ya mto na maganda ya ndizi, unatia majivu ndani ya beseni lenye matundu, unamwagia maji, unakinga yanayotona, unayachemsha mpaka chini ibaki chumvi ya rangi ya udongo. Sombe ya majani ya muhogo ikitiwa hiyo inalainika, mtu anakula mpaka analamba vidole. Meli za Kinshasa zilipoacha kuleta chumvi, nyinyi wawili mlilisha barabara nzima. Mlikuwa mnajiona mabibi wakubwa, na kweli mlikuwa.

Halafu mvua ikaja, majani yakawa hayakauki. Halafu ikaja ile Salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi.

Jumamosi ile chef wa quartier, mkubwa wa mtaa wetu, alitupeleka wote kusafisha kiwanja cha nguzo kando ya reli. Nguzo za waya wa umeme, zilizolowekwa dawa ya kijani ili mchwa wasizile. Tulipomaliza kazi, gérant, msimamizi wa kiwanja, akasema vipande vilivyobaki tubebe, ni zawadi ya raia wema. Tukampigia makofi! Hakuna aliyefungua mdomo kutuambia ndani ya dawa ile kuna nini. Bado nakuona na mzigo kichwani, unaimba, unamcheka Mama Bolumbu anayeburuta kipande kimoja tu. Alikuambia, "Mama, huu muti rangi yake mubaya." Nawe ukamjibu, "Moto haichague rangi. Majivu ni majivu." Ulipenda sana kusema neno la mwisho, Mama.

Ukapikia kuni zile, na majivu yake ukayatia kwenye beseni. Wewe mwenyewe. Na kila chumvi ilipokuwa inatona ulikuwa unaonja kwa kidole, tena na tena, kujua kama imekolea. Sisi wengine tulikula kilichoingia kwenye sombe tu. Mbuzi wako, wale wanaopenda kila kitu chenye chumvi, walikwenda kulamba jalala la majivu nyuma ya jiko, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Ulisema wamekula majani mabaya. Barabara ikasema ni jicho la Bolumbu.

Nilirudi kwa dakitari nikamweleza, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alisema moto unakula mti tu, arseniki hauiwezi. Nyingine inapanda na moshi, nyingi inabaki kwenye majivu. Na sisi tukayakamua majivu yale mpaka tone la mwisho, tukalitia kwenye chakula.

Sasa sikiliza nililolifanya, usije ukasikia kwa wengine. Nilisimama mbele ya matanga yako, wazee wamekaa, nikasema: sumu hiyo aliileta Mama. Aliibeba kichwani mwake, tena akiimba, na Bolumbu alimwonya. Dada yako mkubwa akainuka akanizaba kofi, eti namtukana maiti, eti nasema mama yangu amejiua. Najua marehemu hasemwi. Lakini ili jina lako libaki safi ni lazima mtu aliye hai atupwe mtoni? Hapana. Nilikutaja, Mama, na wakinizaba la pili nitakutaja tena. Wewe hukuwa mchawi wala mjinga. Ulipewa sumu ukaambiwa ni zawadi, na Mama Bolumbu alipewa pamoja nawe.

Nikawaambia, toeni mikono. Nikatoa yangu kwanza, mistari myeupe ipo. Mama Bolumbu akatoa yake, mistari ipo. Nikauliza, mulozi gani huyu anayejiroga mwenyewe? Jirani yetu Mama Zaina, aliyekuwa anakuja kuomba chumvi kila wiki, akatazama kucha zake akaanza kulia. Nikamgeukia Tonton Salumu, ambaye kila Jumapili alimaliza sahani mbili za sombe yako. Yeye mikono yake aliitia ndani ya mifuko ya abacost, akasema ana baridi. Baridi, na joto hili la Kisangani! Watu wakacheka, kwenye matanga, Mungu atusamehe. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Nilikwenda pia kule kiwanjani. Gérant alinijibu akiwa amekaa: "Citoyenne, nguzo ni ya kubeba waya. Nani aliwaambia muzile?" Chef wa quartier naye akaniita, akanionya kwamba ninaharibu jina la Salongo na hilo ni kosa kwa Chama. Nikamwambia, bon, basi andika jina langu, Riziki, nawe uliandike vizuri. Niliogopa, usidhani mimi ni simba. Lakini Jumamosi iliyofuata, walipogawa vipande vingine, nilipanda juu ya rundo lao nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika: msipikie, msikaushie samaki, moshi wake msiuvute, majivu yake msiyatie bustanini wala mtoni. Wengine walinizomea. Mama Zaina akatua mzigo wake chini. Akafuata mwingine. Chumvi yote ya kwako na majivu yote tulichimbia shimo, mbali na kisima, kama dakitari alivyoelekeza. Bado kuna nyumba zinazochoma nguzo zile, harufu naisikia jioni, na mimi bado nagonga mlango wao. Wananiita kichaa wa majivu. Shauri yao.

Jana ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Asubuhi nilimkuta Mama Bolumbu amefunga mkeka na sufuria zake, amekaa juu ya mzigo. Hakuogopa mawe, Mama. Alisema, "Riziki, ni mimi nilimufundisha ile chumvi." Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika kweli, kwa sababu wamempiga mpaka ameanza kuwaamini. Nilipiga magoti nikaufungua ule mzigo fundo kwa fundo, yeye akifunga, mimi nikifungua, mpaka tukachoka tukalia pamoja. Tonton alipofika na watu wake walikuta mlango wa chumba umefungwa na mimi nimekaa mbele yake. Akasema nimechagua mulozi nikaacha damu yangu. Nikasema ndiyo, kama damu yangu inafukuza wajane, nimechagua. Wakaondoka. Nyumba imekuwa kubwa, na mimi sina mjomba tena.

Nimekukosa, Mama. Nimekukosa hata ukaidi wako, ingawa naona haukwenda mbali.

Sasa nakuaga, pumzika. Ahadi yangu ni hii: mtu akiniuliza nani alikuua, nitasema ni dawa ya kijani na waliotugawia huku wakinyamaza, na sitaifupisha habari hiyo ili iwapendeze wao wala ikupendeze wewe. Na mjane wako wa Isangi atazeekea hapa.

Leo amewasha moto mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ufe. Kuni za msituni, chumvi ya duka, sombe. Mlango wa uani uko wazi, ndugu zako wanapita barabarani na wanaona. Ananiita nikale.

Nakwenda kula.

Mwanao,
Riziki