Nimesema "Kata!", Kamera Ikaendelea

Shoga shika simu. Niko chooni hapa studio, nimejifungia.

Kuna jambo linapikwa, na wala siwazi tu.

Unajua mwigizaji akimaliza kipande, nikisema "kata", ananitazama mimi kwanza. Uso wangu ndio unamwambia kama kimekubali. Nimeongoza tamthilia tangu enzi za kanda, hakuna aliyewahi kutazama pembeni.

Leo yule dada anayeigiza mjane kalia machozi ya kweli. Nikasema "kata". Akatazama NYUMA YANGU. Nikageuka, nani? Msaidizi wangu! Yule yule uliyeniambia nisimwamini, nikakujibu una roho mbaya.

Naye akamtikisia kichwa. Kidogo tu, kama anafukuza nzi.

Nikasema labda ni macho yangu. Tukarudia. Akamtazama tena!!

Basi nikaamua kuwapima. Safari ya tatu, katikati ya kilio, nikapaza sauti: "Kata!"

Mpiga picha hakugusa kitu. Mjane akaendelea kulia. Taa nyekundu ya kamera inawaka tu.

"Jamani, si nimesema kata?"

Ndipo msaidizi akasema, taratibu kabisa, "Kata." Ikazimika.

Ikazimika, shoga! Na watu wote wanatazama viatu vyao.

Ngoja, kuna mtu anagonga. Ni yeye. Miaka yote hii ananiita "bosi". Sasa hivi anasema, kwa sauti ile ya kumsemesha mgonjwa:

"Mama, uko salama humo ndani?"