Gauni la Kipaimara Kutoka kwa Mzungu wa Kimuli

Kashaija, soma hii sasa hivi.

Unamkumbuka yule Mmarekani mzee wa Kimuli, aliyepikiwa na mama Deodatha mpaka akafa mwaka tisini? Leo Deodatha kafungua sanduku aliloliacha mzee huyo. Alitafuta kitambaa cha kurefusha gauni la kipaimara la binti yake Eustadia, maana mjukuu anapata kipaimara kesho na kamzidi mama yake urefu.

Gauni lile lile la mwaka themanini na nane! Mzungu alimpa kanzu yake nyeupe: "Mshonee binti yako, ila nembo usiibandue." Msalaba wenye tone la damu, kifuani. Deodatha akajua ni damu ya Yesu, akampigia magoti.

AKAMPIGIA MAGOTI, Kashaija.

Sandukuni kuna makaratasi ya ujana wake kule Marekani, ya kikundi cha Wazungu wa kuua watu weusi, na picha. Wanaume wamevaa kanzu hiyo hiyo, nyuso wamefunika, nyuma yao mtu mweusi ananing'inia mtini. Mmoja tu kafunua uso. Ni yeye. Anacheka.

Chini yake picha ya Eustadia kavaa gauni, iliyopigwa na mzee mlangoni mwa kanisa. Nyuma kuna Kiingereza.

"Kaandika nini, mwanangu? Alimwombea?" akaniuliza Deodatha.

Kaandika: "Wanalivaa wenyewe, na wanashukuru."

Mimi, mimi ninayefokea kila mkutano, nikaigeuza picha, maandishi yakaangalia chini.

Mjukuu akatoka chumbani kalivaa, anazunguka. "Bibi, limenikaa?"

Deodatha akanitazama mdomo. Akaitazama nembo, akarudi kwenye picha ya mtini.

"Livue," akasema. "Livue, mwanangu, kabla halijakuzoea."