Vikopo Vitano vya Mama Brayo

Niaje Nekesa,

Dada yangu, bado unawaambia watu huko Malava kwamba nasomea udaktari? Acha. Masters yangu ni ya kuchunguza choo kubwa. Nazunguka mtaa wa mabanda wa Lindi kwenye matope nikigawa vikopo, kesho yake navichukua vikiwa vimejaa, kisha natafuta mayai ya minyoo kwa darubini.

Jana Mama Brayo, anayeuza samaki wa omena karibu na reli, alinipa vikopo vitano, kimoja kwa kila mtu wa nyumba yake. Nikavifungua maabarani. Vyote rangi moja, minyoo ileile, hadi maganda ya nyanya yaleyale! Leo asubuhi nikamrudia nikiwa nimekasirika. Hakushtuka hata kidogo.

"Hiyo yote ni ya Baba Brayo. Sisi wengine hatukuwa na haja. Na si tunakula sufuria moja? Kama yeye ako na minyoo, wote tuko nayo."

Nikamwambia sayansi haiendi hivyo. Akaniangalia kutoka kichwa hadi gumboot. "Na wewe, yako umepima?"

Mwaka wa pili wa masters, Nekesa, na sikuwa nimewahi. Nimetoka kuipima sasa hivi. Mayai yamejaa kama omena kwenye karai la Mama Brayo.

Usimwambie mama. Lakini wiki jana nilikuwa huko nyumbani, na tulikula sufuria moja. Mezeni dawa nyote, hata babu yetu kuka.

Nawapenda sana, mimi na wageni wangu,
Barasa