Kitenge cha Mama Mchungaji

Mume wangu Baba Neema,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Kifua chako kikoje na baridi hii ya mwezi wa saba? Na dawa unameza zote, au unaruka kama kawaida yako? Mimi mguu unaendelea, natembea na mkongojo mmoja sasa, siyo miwili. Neema hajambo, ila kazi yake ya kuuguza wazee haimpi hata nafasi ya kukaa. Mjukuu wetu Brayani amekuwa mrefu. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana hivyo hivyo.

Utashangaa kupata barua wakati Jumapili tumeongea. Kwenye simu wewe unaweka spika, na safari hii nilimsikia Mama Elibariki, mwenyekiti wa wanawake, akicheka hapo sebuleni. Haya siyawezi mbele ya spika. Mwandiko wangu unaujua, niliishia la nne, basi soma polepole, na uwe peke yako.

Baba Neema, nilikudanganya.

Kile kitenge ulichonunua Moshi mjini ukanitumia nimvike mama mchungaji wa huku, nilikuambia nimemvika, akacheza, wamama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyecheza. Kitenge kiko chini ya godoro langu.

Unajua nilivyoanguka kwenye barafu ya huku Amerika, hapa Bowie, nikavunjika nyonga. Unajua na habari za Mchungaji Daudi, yule mzungu mwenye kanisa la kule Riverdale Park ambalo sisi Waswahili tumepewa tusalie alasiri. Nilikuambia alikuja kuniombea kila wiki. Ila sikukuambia habari za Bwana Tomasi, kwa sababu sikumhesabu kuwa ni habari. Ni mzungu mrefu, kipara, mwalimu aliyestaafu. Alikuwa anakuja na mchungaji, nikadhani ni mdogo wake, au dereva wake. Neema akiwa kazini, Tomasi ndiye aliyenipeleka mazoezi ya mguu kila Jumanne. Alinishika mkono kwenye ngazi. Nilikuwa siwezi kuinama, akapiga magoti akanivisha soksi, mimi mwanamke wa watu, na wala sikuona haya, alivyofanya kwa upole. Nikamfundisha kuamkia. Kila akifungua mlango: "Shikamoo mama!" Na ni rika langu kabisa. Nilikuwa nacheka mpaka nyonga inauma.

Sasa ikaja sikukuu ya kumshukuru Mchungaji Daudi kwa kazi yake. Tukaungana ibada moja, wazungu na sisi. Wewe unajua kwetu huwezi kumshukuru mchungaji ukamwacha mkewe amekaa. Na mimi ndiye mkubwa kwa wanawake wa Kiswahili, nikapewa kazi ya kumvika. Nikasimama mbele na kitenge chako. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Namwomba mama mchungaji apite hapa, baba wa nyumbani kwangu amemletea zawadi kutoka Kilimanjaro."

Nikamtazama Neema atafsiri.

"Tafsiri basi."

"Mama, mpe mchungaji mwenyewe, inatosha."

"Nguo ya kike nampaje mwanamume? Mkewe yuko wapi, mbona mnamficha?"

Mama Njeri, yule Mkenya ninayekaa naye ibadani, alikuwa kiti cha mbele. Akaniita bibi kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, "Wee shosho, kwani hukuambiwa? Mama mchungaji wako ndiye huyo Tomasi."

Nikadhani ananitania, maana huyo hutania hata msibani. Lakini nikamwona Neema ameangalia chini. Na wazungu, ambao hawakujua maneno ila waliona kitenge na mkono wangu ulionyooshwa, walikuwa wameshageuka kumtazama Tomasi. Mmoja akapiga makofi, wote wakafuata. Tomasi akainuka, uso umeiva kwa haya na furaha, akaja mpaka mbele yangu. Kwa vile ni mrefu, akainamisha kichwa nimfikie mabega.

Mimi nikakikunja kitenge. Nikakiweka kwapani, nikachukua mkongojo wangu, nikarudi kukaa. Kutoka pale mbele mpaka kiti changu ni mbali kwa mtu wa mkongojo mmoja, na kanisa zima liliusikiliza. Nilipogeuka kukaa, alikuwa bado ameinama.

Mchungaji Daudi alikuja akamshika bega, akamrudisha. Wakaimba wimbo. Ilipofika meza ya Bwana sikwenda.

Ndani ya gari nikamwambia Neema, "Umenidhalilisha. Ulijua ukanyamaza."

"Ningekuambia, ungekubali akushike mkono kwenye ngazi?"

"Nisingekubali."

"Basi ndiyo maana, Mama. Ungeshuka na nani?"

Nikamuuliza kama kanisa linajua. Akasema Mchungaji Daudi hakumficha mtu yeyote. Walipotaka kumchukua awe mchungaji wao aliwaambia wazi anaishi na nani, wakapiga kura, wengine wakahama, waliobaki wakamwekea mikono. Nikauliza, na askofu? Akasema na askofu alikuwepo. Na Waswahili wetu? Akasema wote wanajua. Wengine wanapokea meza kwake, wengine wanangoja ibada ya alasiri, na kila mtu anamnyamazia mwenzake. Mjinga nilikuwa mimi peke yangu.

Baba Neema, neno lenyewe siliandiki hapa, unalijua. Nakumbuka ule waraka uliosomwa kwetu kuhusu watu hao, na kwamba wasishike madhabahu. Wewe mzee wa kanisa ndiye uliyeusoma, na mimi nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Maandiko unayajua wewe, mimi najua nyimbo tu. Sisemi waraka ulikosea. Wala sijui niseme nini. Ila siku ile ya waraka nilikuwa nawafikiria watu nisiowajua, na huyu ninamjua, mikono yake naijua.

Jumanne alikuja. Nilijua hatakuja, akaja. Akagonga, nikakaa nyuma ya pazia kama mwizi, nimeziba mdomo. Aligonga mara tatu, akasubiri kwenye gari mpaka saa ya mazoezi ikapita, ndipo akaondoka. Jumanne iliyofuata hakuja. Na ndiyo siku hiyo wewe ulipiga simu kuuliza kama kitenge kilimpendeza, nikafungua mdomo ukatoka ule uongo.

Wiki iliyopita nilimwomba Neema anipeleke kwao, kwa mchungaji na Tomasi. Walitukaribisha, wakatupa chai, maziwa mengi kama ninavyopenda mimi. Nilikuwa nimekariri Kiingereza cha kuomba radhi siku mbili, kikapotea chote, nikasema kwa Kiswahili, Neema akatafsiri, na safari hii alitafsiri yote. Nikasema nimemkosea mtu aliyenivisha soksi. Mchungaji Daudi alilia. Tomasi hakulia. Alisema asante kwa kuja, amesamehe. Akanisaidia mpaka kwenye gari, mkono wake ulikuwa vilevile, lakini aliniita Bibi Shayo, kama daktari anavyoniita. Shikamoo haikusemwa. Sikuwa na uso wa kuidai.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili hiyo ya spika, Mama Elibariki alipiga kelele kutoka nyuma yako, kwamba umewatangazia kanisani jinsi mama mchungaji wa Amerika alivyocheza na kitenge chetu, na kwamba wanawake wanamshonea gauni zima wamtumie na barua ya kumwita dada. Nikasema asanteni.

Naomba uwazuie. Najua ninachokuomba. Wewe ndiye ulitangaza, wewe ndiye utarudi kusimama pale, na watauliza kwa nini, na ukisema kwa nini watakuuliza kama mkeo bado anasali humo. Ninasali humo, Baba Neema. Alasiri na Waswahili wenzangu, meza ya wazungu bado sijaweza. Ukiniambia niache nitakusikiliza, lakini niambie kwa barua, kwa mkono wako.

Kama huwezi kuwaeleza yote, sema tu kwamba Mama Neema alidanganya. Hilo ni kweli, na nitalibeba nikirudi. Kitu kimoja tu nakusihi, usije ukawaambia zawadi ilikataliwa huku. Watu watapenda kusikia hivyo. Yeye hakukataa. Alikuja mbele ya watu wote akainama aipokee, mimi ndiye niliyeondoka nayo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie miguu yake nayo naiombea. Msalimie shemeji anayekutazamia ng'ombe, na dada yangu mdogo akija kuleta pombe ya mbege. Mama Elibariki usimpe salamu zangu mpaka umeshamwambia.

Ni mimi mkeo, ambaye safari hii sijakuficha kitu,

Mama Neema