Picha ya Machimbo ya Babu

Jumanne, Shaabani 1947

Sikuiacha. Karani wa ofisi ya ardhi aliishika picha kuukuu ya machimbo yetu ya mawe, babu yangu amesimama ndani na sururu yake, akasema, "Bibi, iache hapa, bwana mkubwa ataitazama."

"Ataitazama nikiwapo," nikamjibu, nikaichukua.

Wanadai pale ni pa serikali, hapajapata kuchimbwa na mtu. Basi nyumba za mtaa wa Kuze zilijengwa kwa mawe ya wapi?

Bwana mkubwa akatoka, akaiangalia, kisha akanikataza kuchimba. Ndugu yangu Salim ananisihi, "Dada, waachie, watakufunga."

Naogopa, sijidanganyi. Lakini kesho wachimbaji wetu wataingia kazini, na atakayewatangulia ni mimi.