Jiwe la Zambarau la Mama

3 Machi

Sonara wangu,

Hujambo, mwanangu? Mimi nipo, ila vidole vinaisha kama sabuni. Jana pete ilinichomoka nikifua, ikazama kwenye beseni. Nimempa dada yako akuletee uipunguze. Lakini meno yanayoshika jiwe usiyaguse, aliyakunja marehemu baba yako kwa mkono wake. Nataka inikae kidoleni mpaka siku yangu.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo mama,

Pole na ugonjwa. Pete nimeipata. Mama, kuipunguza ni kuikata na kuilehemu kwa moto, na jiwe hili ni adimu, huwezi kulipata dukani. Maji ya uvuguvugu na sabuni halina neno nayo, lakini tindikali na moto ni adui zake. Likipata joto, zambarau yote inakufa. Niruhusu niyafungue meno nilitoe kwanza.

Mwanao

20 Machi

Marahaba. Wewe ni fundi au mhubiri? Nimesema usiyaguse! Lifunge kitambaa kilicholowa, ufanye upesi.

Mama yako

9 Juni

Shikamoo mama,

Dada ananiambia sasa huamki kitandani, nami nimekaa kimya miezi yote hii. Nimeona haya. Nilikutii: nikalifunga, nikalehemu, kitambaa kikakauka. Jiwe limegeuka kijivu, lina ufa katikati. Nimezunguka kwa masonara wote, hakuna lingine. Nilijua, mama, na bado nikawasha moto. Nisamehe. Sijui nitakutazamaje usoni.

Mwanao

14 Juni

Marahaba, mwanangu,

Anaandika dada yako, mimi mkono umechoka. Nimecheka mpaka nikakohoa. Hilo lilikuwa jiwe la pili! La kwanza baba yako alilichoma mwenyewe kabla hatujaoana, akanikimbia miezi miwili, nikadhani kapata mwingine. Alirudi alipopata hili. Meno aliyakunja mbele yangu huku mkono unamtetemeka, ndiyo maana yamekaa upande. Aliniapisha nisiwaambie. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kosa ni langu, ndimi niliyekulazimisha. Sitaki jiwe lingine. Niletee hilo hilo la kijivu, univishe mwenyewe. Pete usiipunguze tena, hata ukiona vidole vilivyobaki. Nitaizungushia uzi, na uzi ninao hapa chini ya mto.

Barua hii usiijibu, baba. Njoo.

Mama yako